Mkeka Uliomwona Mtoto Akitambaa

Juzi mama yako alitoka kwenda kununua sabuni. Ukabaki uani na mdogo wako. Mama hata hajafika kwenye kona, mtoto akaangua kilio. Ukambembeleza, akalia. Ukampa mwiko, akautupa. Mama akarudi, akamweka begani, kilio kikakatika. Halafu, bila haya, akateremka, akautambalia ule mwiko na kuanza kupiga nao sufuria.

Ukanijia umenuna. "Mjomba, kwangu alilia, kwa mama anacheza. Si anadeka tu huyu?"

Swali zuri hilo, mpwa wangu! Kuna mama mmoja msomi aliyezunguka nchi kadhaa na swali linalofanana na lako. Sogea nikusimulie.

Jina lake Mary Ainsworth. Alizaliwa mwaka 1913 Marekani, katika mji mdogo wa Glendale, akakulia Toronto, Kanada. Akasomea saikolojia, elimu ya kuchunguza namna watu wanavyowaza na kuhisi. Mwaka 1950 akaolewa, akahamia London. Huko akafanya kazi na daktari aitwaye John Bowlby.

Siku zile wataalamu wengi walisema mtoto anampenda mama kwa sababu ya maziwa. Yaani mama ni kama chungu cha uji. Una njaa, unakifuata. Umeshiba, unakipita. Bowlby akasema la. Mtoto huzaliwa tayari na hamu ya kuwa karibu na mtu wake, hata akiwa ameshiba.

"Na Mary akakubali?"

Wapi! Alikuwa na shaka. Nami nampendea hapo. Hakukubali kwa kuwa mkubwa kasema, na hakubisha kwa kupenda ubishi. Alingoja aone kwa macho yake.

Mwaka 1954 mumewe akapata kazi Kampala. Mary akafuatana naye, na huko akaanza kutembelea vijiji vya Waganda vilivyo karibu na mji. Familia 26, watoto wachanga 28. Alikwenda na mkalimani, kila baada ya wiki mbili, akikaa kama saa mbili, kwa miezi hadi tisa. Alikuja kufanya nini? Kutazama tu. Lakini kutazama ni kazi, usidharau.

Hapa nitaupisha mkeka wa nyumba mojawapo useme. Waganda nao huuita omukeeka, kwa hiyo tutaelewana nao.

"Mimi mkeka sina mdomo," ulisema mkeka, "ila macho ninayo, kila tundu la ukili wangu ni jicho. Mgeni alikuja mchana, akakaa. Mama akakaa. Mtoto akashuka mapajani. Akatambaa mpaka kwenye pindo langu, akageuka kumtazama mama. Yupo. Akaenda mpaka mlangoni, akageuka tena. Yupo. Akarudi, akamgusa goti, akaondoka tena. Anakwenda, anarudi. Anakwenda, anarudi. Na mama akitoka nje kisha akirejea, mtoto anampigia makofi ya furaha! Nikajiuliza, huyu anafuata maziwa? Mbona hata hajanyonya?"

Umewahi kumtazama kifaranga? Anadonoa hatua tatu mbali na mama yake. Kivuli cha mwewe kikipita, mbio chini ya bawa. Mwewe akishaondoka, anatoka tena. Lile bawa halimfungi. Ndilo linalompa ujasiri wa kwenda kudonoa. Mary aliliona hilo kwenye mikeka ya Uganda, na shaka yake ikaanza kuyeyuka.

Akaona na jingine. Kuna akina mama ambao ukiwauliza habari za mtoto hawamalizi: anapenda hiki, anaogopa kile, akisinzia hufanya hivi. Watoto wa akina mama hao, mara nyingi, ndio waliotulia zaidi. Walikuwa na mtu anayewasoma.

"Mjomba, yeye alikuwa na watoto wangapi?"

Hakuwa na mtoto. Labda ndiyo maana aliwatazama wa wenzake kwa makini vile. Hilo nakisia tu.

Baadaye akaenda Baltimore, Marekani. Akatembelea tena familia 26, safari hii saa nne kila ziara. Lakini watoto wa huko walikwishazoea mama kuingia na kutoka chumbani, hawakujali sana. Kifaranga bila mwewe utajuaje anakimbilia wapi? Basi Mary na wenzake wakabuni mchezo wa kama dakika 20. Chumba kigeni, vitu vya kuchezea, mama, na mtoto wa karibu mwaka mmoja. Anaingia mtu asiyemjua. Mama anatoka kidogo. Mama anarudi.

Ungedhani jambo kubwa ni kilio cha mtoto mama akitoka. Mary akatazama mlango mama akirudi. Wengi walimkimbilia, wakapoa, wakaendelea kucheza. Baadhi wakajifanya hawamwoni. Wengine wakataka kubebwa na papo hapo wakamsukuma kwa hasira. Mwaka 1978 yeye na wenzake wakayaandika hayo kitabuni, na mpaka leo wanafunzi wa saikolojia wanayasoma.

Mimi nina neno langu dogo. Kile chumba hakikuwa na bibi, wala shangazi, wala wewe. Wapo wasomi waliosema hivyo pia: mtoto wa kwetu ana mapaja mengi ya kukimbilia. Naye Mary kule Uganda aliona watoto waliowashika sana baba zao au bibi zao. Kwa hiyo usikate tamaa. Mdogo wako anakusoma bado.

Mary alifariki mwaka 1999.

"Kwa hiyo hadeki?"

Hebu geuka polepole. Yuko wapi? Mama anachambua mchicha, naye amefika kwenye banda la kuku, mwiko mkononi. Umeona? Katazama nyuma. Mama yupo. Na safari hii, baada ya mama, macho yake yametua kwako.

Usimwite. Anakwenda.