Siku Tuliyorudi Majini

Mwezi uliopita wengi mlituuliza, shuleni na pale kwenye bomba: "Kweli nyinyi walimu mlienda Jinja kulipa pesa ili mwangushwe ndani ya maji?" Jibu ni ndiyo, tulienda. Tumeona afadhali tuwaeleze wenyewe kabla stori haijaongezwa chumvi.

Tulikuwa sita: walimu wa kujitolea wanne, rafiki yetu fundi cherehani, na mwingine anayeuza samaki sokoni. Wote sita tulivuka Ziwa Albert mwaka 2018, tukitokea Ituri. Ile safari mnaijua, maana wengine mlikuwa mitumbwi ileile. Usiku, mtumbwi wa wavuvi umejaa mpaka maji yanachungulia ukingoni, watoto wamepangwa katikati juu ya mizigo, na jaketi la kuelea hakuna hata moja. Tulishukia Sebagoro tumelowa, tunahesabiana. Si wote walioondoka walifika. Dada yetu mmoja, mwalimu wa P3, alimpoteza mdogo wake usiku ule. Tangu hapo hakukaribia maji makubwa tena. Hata wimbo wa watoto wenye neno mtumbwi alikuwa hauimbishi darasani.

Pesa ilitoka wapi

Swali hili mnaliuliza sana, na ni haki yenu. Rafiki tuliyesoma naye sekondari ni mpishi kwenye kambi ya watalii kule Jinja. Alituambia katikati ya wiki mashua hazijai, akatuombea bei ya chini. Tuliweka posho yetu kidogo kidogo kwa miezi saba, mmoja wetu akiitunza kwenye kopo. Tunajua mgao wa chakula umepungua, na nyumba nyingi zinakula mara moja kwa siku. Za kwetu pia ni hivyo.

Mama wa mmoja wetu alituambia: "Maji yalikula watu wetu, leo nyinyi mnayapelekea pesa?" Tukakosa la kusema. Ni yule dada mwenyewe aliyejibu: "Mama, miye nimechoka kuogopa. Nataka niyaone mchana."

Basi tukaenda. Vitambulisho vya ukimbizi mfukoni, boda mpaka stendi, basi la Hoima, halafu Kampala tukalala kwa jamaa, watu sita mikeka miwili. Asubuhi teksi ya Jinja, kama kilomita 80.

Somo kabla ya mto

Jinja ndipo Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Zamani kulikuwa na maporomoko ya Bujagali, lakini yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012. Bwawa jingine, la Isimba, lilizinduliwa mwaka 2019 huko chini zaidi, nalo likameza mengine. Yaliyobaki katikati ndiyo watu wanayashuka kwa mashua ya mpira.

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa hapohapo Busoga, Kiswahili chake cha kuokoteza lakini kinasikika. Hakuturuhusu kugusa maji kabla ya somo. Alivuta mikanda ya majaketi mpaka tukakosa pumzi, kisha akashika kila jaketi mabegani akalivuta juu. "Likifika kwenye kidevu," alisema, "bado hujavaa." Tukapewa kofia ngumu na kila mtu kafi lake. Tukafundishwa amri: mbele, nyuma, acha, na ile ya kuinama chini na kushika kamba.

Kisha akatupeleka kwenye maji yaliyotulia, akasema turuke wote ili tuyazoee. Watano tukaruka. Dada yetu akabaki ameshika kamba kwa mikono miwili. "Miye sitoki humu." Hakuna aliyemcheka. Kiongozi hakumsukuma wala kumbembeleza. Aliingia mwenyewe, akalala chali juu ya maji kama mtu aliye kitandani, akangoja. Ilichukua muda. Mwishowe dada akateremka polepole, mkono mmoja bado kwenye kamba. Jaketi likamshika. Akatuangalia akauliza, "Kumbe halizami?"

Tulipopinduka

Maporomoko hupimwa kwa madaraja, kuanzia la 1 mpaka la 6. Ya kwanza yalikuwa madogo, tukapiga makafi na kelele kama watoto. Tukaanza kujiona mabingwa. Ndipo likaja wimbi limesimama kama ukuta wa nyumba, kiongozi akapiga kelele "Mbele! Mbele!", na mashua ikainuka upande mmoja ikatumwaga wote.

Tuseme ukweli: chini kule ni kama mtu ameingizwa ndani ya ngoma. Hujui juu ni wapi. Masikio yamejaa mvumo, na kila mmoja wetu alirudi kwenye ule usiku wa 2018, ingawa kwa sekunde chache tu. Halafu jaketi likatuvuta juu, tukaona jua. Tukalala chali, miguu mbele, kama tulivyofundishwa. Watu wa kayaki walikuwa tayari wanatufuata.

Tukahesabiana, kama tulivyofanya Sebagoro. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Dada yetu alikuwa wa sita, ng'ambo ya mashua, kafi bado mkononi, analia na kucheka pamoja. Safari hii hesabu ilitimia.

Mbele kidogo kuna Itanda. Pale sehemu kali kabisa kiongozi hakuishuka. Tuliteremka wote, mashua ikabebwa kwa miguu kandokando ya mto. Mtu mwenye miaka mingi kwenye kazi hii, na bado anasema, "Hapa leo sipiti." Kumbe hata fundi wa maji anayaheshimu maji.

Jioni, mto umetulia, mmoja wetu aliuliza maji haya yanaenda wapi. Kiongozi akahesabu kwa vidole: Ziwa Kyoga, Karuma, Murchison, halafu yanaingia Ziwa Albert upande wa kaskazini kabla ya kuendelea Sudan Kusini. Tukanyamaza wote. Dada yetu alitia mkono majini, akamtaja mdogo wake kwa jina. Hatukumwongezea neno.

Tuliyowaletea nyumbani

Hatusemi kwamba waliokufa walikosea. Mwaka 2018 hatukuwa na nafasi ya kuchagua mtumbwi wala kungoja jaketi, nyuma yetu kulikuwa na moto. Lakini leo tuna nafasi ya kufundishana, na watoto wetu bado wanateka maji mtoni na wengine wanafuata baba zao ziwani kuvua. Basi tunawaomba haya:

- Mtoto asipande mtumbwi bila jaketi la kuelea lililofungwa vizuri. Likipanda mpaka kidevuni, kaza tena.
- Ukiangukia mto wenye kasi, lala chali, miguu mbele na juu. Usijaribu kusimama, mguu unaweza kunasa kwenye mawe na maji yakakulaza.
- Mtumbwi ukipinduka, shikilia mtumbwi. Usiukimbie.
- Ukiona mtu anazama, usimrukie kama hujui kuokoa. Mtupie kamba, mti mrefu, au jerikani tupu lililofungwa kifuniko. Jerikani linaelea, na kila nyumba hapa inalo.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya mpira, tutafanya mazoezi haya na watoto kwenye uwanja wa shule. Hayahitaji maji wala pesa, ni majani, kamba na majerikani tu. Wazazi, njooni nanyi, msikae pembeni kutazama.

Somo la kwanza atalifundisha mwalimu wa P3. Ameliomba mwenyewe.

Tunawatakia mwezi mwema.