Meseji Ikichelewa, Usitume Pesa Mara ya Pili

Mwisho wa mwezi, jioni, Ukunda huwa hapatoshi. Wafanyakazi wa hoteli za Diani wamelipwa, kwa wakala kuna foleni, na kila mtu anatuma: kodi ya nyumba, karo, pesa ya mama kule Lunga Lunga. Unaweka PIN, unangoja, meseji haiji. Utume tena? Ngoja kwanza. Hebu tuone kinachoendelea upande wa pili.

Kazi usiyoiona

Kila unapotuma pesa, ombi lako hufika kwenye seva, yaani kompyuta zinazohudumia wateja wote. Saa tisa usiku maombi ni machache. Tarehe 30 saa moja jioni ni mengi ajabu. Zamani kampuni ililazimika kununua mashine za kutosha siku yenye shughuli kubwa kuliko zote, halafu nyingi zikae bure siku nyingine. Siku hizi kuna programu inayopima shughuli kimyakimya na kuongeza au kupunguza seva yenyewe. Amazon ilianza kuwapa wateja wake huduma ya aina hii mwaka 2009.

Fikiria feri ya Likoni. Watu wakijazana asubuhi, feri zaidi huingia kazini. Wakipungua, nyingine hupumzishwa. Programu hii nayo huangalia seva zimelemewa kiasi gani na foleni ya maombi imefika wapi. Kiwango kilichowekwa kikipitwa, inawasha seva nyingine. Shughuli ikitulia, inazizima. Kwa siku zinazojulikana, kama mwisho wa mwezi au Desemba wageni wakijaa Diani, mafundi wanaweza kuipangia iziwashe mapema.

Mbona basi bado inachelewa?

Feri haifiki gatini kwa kufumba na kufumbua. Seva mpya nayo huchukua muda, pengine dakika kadhaa, kuwaka na kuwa tayari. Wakati huo ombi lako linaweza kuwa kwenye foleni, halijapotea. Na ikiwa aliyelemewa ni mnara wa simu, hata seva elfu moja hazitasaidia.

Hapo ndipo watu huumia. Ukituma shilingi 2,000 mara mbili, mfumo unaweza kuyachukua kuwa malipo mawili, maana haujui kama ulikusudia. Mama muuza samaki wa Msambweni atapata 4,000, nawe uanze kuhangaika kurudishiwa.

Fanya hivi

- Ngoja dakika chache, kisha angalia salio na taarifa fupi ya akaunti. Kama pesa imetoka, usitume tena.
- Wewe muuzaji, hakikisha pesa kwenye salio lako kabla ya kutoa mzigo. Usimwambie mteja alipe tena kabla naye hajaangalia salio lake.
- Mtu akipiga simu akisema, "Pesa yako imekwama, nitajie PIN niifungue," kata. Foleni ya seva haifunguliwi kwa PIN yako.
- Salio limepungua na mpokeaji hajapata kitu? Piga simu huduma kwa wateja ukiwa na kiasi, saa uliyotuma na namba ya muamala. Kwa hayo matatu, ni rahisi kuifuata pesa yako ilipo.