Kuinua Gari Nyumbani: Jeki, Stendi na Udongo wa Milanzi

Katika nyua za Milanzi, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, gari linaloinuliwa ili libadilishwe breki au kukaguliwa chini husimama mara nyingi juu ya udongo mtupu, si juu ya sakafu ya zege, na kwa hiyo uchaguzi wa jeki hauwezi kutenganishwa na mahali itakapokalishwa. Kona moja ya Toyota Noah hubeba takribani kilo 400. Zikitua kwenye kitako cha jeki chenye sentimita 10 kwa 10, kila sentimita ya mraba ya ardhi hukandamizwa kwa kilo 4, nao udongo uliolowa kwa mvua za Novemba hadi Aprili hubonyea, tena upande mmoja kabla ya mwingine. Ubao mgumu na mnene wa sentimita 30 kwa 30 huushusha mkandamizo huo chini ya nusu kilo.

Jeki ya mafuta, ile fupi yenye umbo la chupa, hutumia kanuni ambayo Joseph Bramah aliipatia hataza nchini Uingereza mwaka 1795, kwamba nguvu ndogo inayosukuma kimiminika katika silinda nyembamba huzaa nguvu kubwa katika silinda pana. Kinachoyazuia mafuta yasirudi ni vali ndogo na mipira ya kuzibia, na kwa kuwa vitu hivyo huchakaa bila kuonekana kwa nje, jeki huhesabiwa kuwa chombo cha kuinulia tu. Jeki ya mkasi, inayozungushwa kwa skrubu, haina mafuta ya kuvuja, lakini kitako chake chembamba hupinduka gari likisogea kidogo; hiyo ni ya kubadilishia tairi, basi.

Anayeingia uvunguni huhitaji stendi, yaani miguu ya chuma inayolishikilia gari baada ya jeki kumaliza kazi yake. Matofali ya kuchoma, ambayo Sumbawanga hayakosekani, hayafai hata kidogo, kwa sababu hupasuka ghafla uzito unapoangukia sehemu ndogo. Uzito ulioandikwa kwenye stendi husomwa kwa makini, kwani mara nyingi ni wa jozi nzima, si wa mguu mmoja. Stendi yenye pini nene inayopenya tundu hadi upande wa pili ni bora kuliko ile ya meno, kwa kuwa pini huonekana kwa macho. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani ilitaka zirudishwe stendi za meno takribani milioni 1.7 ambazo zingeweza kuachia mzigo, na baadhi ya zile zilizotolewa badala yake zikagundulika kuwa na kasoro za uchomeleaji.

Kwa kuwa breki ya mkono katika magari mengi hushika magurudumu ya nyuma pekee, gari linaloinuliwa nyuma huwa halizuiwi tena na breki hiyo, jambo zito katika nyua zenye mteremko, hivyo magurudumu ya mbele huwekewa vigingi pande zote mbili. Gari likishatua juu ya stendi, husukumwa ubavuni kwa mikono, kwa nguvu, kabla mtu yeyote hajalala chini yake.