Ishara za Mwili na Maana Zake

Ishara ya mwili haina maana kwa nafsi yake. Hupewa maana na jamii inayoitumia. Tuchukue mfano wa kushika tama. Mtu yeyote aliyechoka aweza kuegemeza shavu lake kiganjani, lakini kwa Waswahili hiyo ni alama ya huzuni, na aghalabu wazee humkataza mtoto kukaa hivyo wakichelea nuksi. Kadhalika kupeana mkono: matangani ni rambirambi, arusini ni pongezi, safarini ni buriani. Umbo ni lile lile. Kinachoamua maana ni mahali na wakati.

Ziko pia ishara zishikamanazo na neno. Msimulizi asemapo, "Mtoto mwenyewe hivi," urefu wa mtoto umo mkononi mwake, haumo katika neno. Mwaka 1985 Carol Eastman na Yahya Ali Omar walieleza jinsi baadhi ya vielezi na viingizi vya Kiswahili vinavyoandamana na ishara maalumu.

Basi mtafiti anayenakili ngano kutoka kinasa sauti, asiandike mkono ulifanya nini, huhifadhi nusu tu ya usemi. Msimulizi akishafariki, nusu ya pili haipatikani tena.