Mwongozo wa Kale Usimpotoshe Mwanao

Huenda mwanao anajifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka wa 1991. Je, umewahi kumuuliza mwongozo anaoutumia ni wa toleo gani?

Toleo la 3 lilitoka Desemba 2008 na kubadilisha mengi. Hapo awali, agizo la print liliweza kuandikwa bila mabano. Sasa ukiyaacha, kompyuta inakataa. Kugawanya 7 kwa 2 kulileta 3. Leo kunaleta 3.5. Mtoto akinakili somo la kale hujiona mjinga, kumbe ni kitabu kilichopitwa na wakati.

Kipindi cha kulishughulikia toleo la 2 kilimalizika rasmi Januari 1, 2020. Katika tovuti ya Python, kila ukurasa wa mwongozo huonyesha nambari ya toleo pale juu. Wengi wanaousahihisha hujitolea tu, na yeyote aonaye kosa anaweza kuwaarifu.

Basi mfunze mwanao kuitazama nambari hiyo kwanza. Na akigundua kosa, asinyamaze. Aliripoti, amwokoe mwenzake.