Heri Nyuzi 20 Chini ya Sifuri

Januari, uwanja wa shule ya Metsokangas mjini Oulu, kaskazini mwa Finland, hujaa mamia ya baiskeli zilizoegeshwa kwenye theluji. Watoto wamezipanda wenyewe, tena gizani, kwani mwezi huo jua la huko hukawia kuchomoza hadi saa nne hivi asubuhi. Mji huu una zaidi ya kilomita 900 za njia za baiskeli, na ndio uliokuwa mwenyeji wa kongamano la kwanza la kimataifa la waendesha baiskeli wa majira ya baridi, mwaka 2013. Msomaji wa Tanga au Mombasa atashangaa kusikia kwamba katika baridi ya namna hiyo, siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri si ndiyo mbaya kuliko zote. Mbaya zaidi ni siku inayocheza kwenye sifuri, kwa sababu siku hiyo kuna maji.

Tuanze na mwili. Misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa mwendo. Kiasi kinachobaki hutoka kama joto. Anayekanyaga pedali kwa nguvu ya wati 100 anazalisha joto la wati 300 au zaidi. Sasa mtu huyo akitoka nyumbani amejivika makoti mawili, haichukui muda fulana imelowa jasho. Likikauka, jasho hilo hufanya kile kile linachofanya maji yanayopenya kwenye mtungi wa udongo: huondoka na joto. Pia nguo iliyolowa hupitisha joto kwa urahisi kuliko nguo kavu iliyojaa hewa. Ndiyo maana wazoefu huanza safari wakihisi baridi kidogo.

Vidole havifaidiki na joto hilo. Mwili hubana mishipa ya damu ya mikononi ili kulinda moyo na ubongo, huku mwendo ukileta upepo wake. Kwa nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 20 kwa saa huifanya ngozi ya uso ipoteze joto kana kwamba ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Mwaka 1930, daktari Mwingereza Thomas Lewis alieleza jambo la ajabu: kidole kilichozamishwa katika maji ya barafu hupata joto tena baada ya dakika chache, kisha hupoa, kisha hupata joto, mishipa ikijifungua na kujifunga. Nafuu hiyo haitoshi kushikia breki. Glavu nene zinahitajika.

Kifua nacho kina shida yake, na hapa maji yanakosekana. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri hubeba takriban gramu moja tu ya mvuke kwa kila mita ya ujazo, ilhali ndani ya mapafu inatakiwa kuwa na gramu 44 hivi. Tofauti hiyo hutolewa na kuta za njia za hewa, nazo hukauka. Mwenye pumu hubanwa mapema. Skafu mdomoni husaidia, kwani hunasa unyevu wa pumzi inayotoka na kuurudisha kwa inayoingia.

Barabarani ndipo sifuri inapoonyesha ubaya wake. Barafu iliyo karibu na kuyeyuka huwa na utando wa maji juu yake, na tairi halina pa kushika. Ikiganda sana, utando huo hupungua na theluji iliyoshindiliwa hugeuka sakafu ngumu. Oulu huishindilia makusudi na kuimwagia kokoto. Chumvi huyeyusha theluji ikawa tope, na baridi ikizidi nyuzi 10 hivi chini ya sifuri nguvu yake hufifia. Isitoshe, hula minyororo. Kwa barafu tupu, dawa ni tairi zenye vipini vya chuma kigumu cha tangsteni.

Tairi lenyewe hupungukiwa upepo bila kutoboka. Ukilijaza ndani ya nyumba, kwenye nyuzi 20, hadi baa 3, kisha ukatoka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, litabaki na takriban baa 2.5. Wengi hawaongezi, maana tairi laini hushika theluji vizuri zaidi.

Jioni, baiskeli ni bora ibaki kwenye banda la nje lisilo na joto. Ikiingizwa sebuleni, theluji huyeyuka, maji hupenya kwenye nyaya za breki, na asubuhi breki haziachii.