Ukimya si Ridhaa: Jinsi Wafanyakazi Wanavyokabili Udhalilishaji wa Kingono

Watu wengi hudhani kwamba mfanyakazi asiyelalamika ameridhika na anayotendewa. Sayansi ya saikolojia yaonyesha vingine. Ili kulielewa jambo hili, yafaa kuitazama kazi ijulikanayo vema mjini Musoma, yaani biashara ya dagaa.

Riziki na giza la mwezi

Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa huifuata nuru ya taa. Mbalamwezi ing'aapo, taa hupungukiwa na nguvu ya kuwavuta, na mavuno hushuka. Alfajiri mitumbwi hurejea katika mialo kama ule wa Mwigobero, ambako wachuuzi, wengi wao wanawake, huwa wakingoja. Dagaa huoza upesi. Anunuaye mapema huliwahi jua la kuanika, na achelewaye hupata hasara. Kwa hiyo mvuvi au mwenye mtumbwi, aamuaye nani auziwe kwanza, ana nguvu kubwa, hasa siku za uhaba.

Katika hali ya namna hii ilizuka, kwenye mialo mingi ya Ziwa, desturi ambayo upande wa Kenya huitwa jaboya: mwanamke hudaiwa ngono ndipo auziwe samaki. Si wavuvi wote watendao hivyo. Hata hivyo, pale ambapo mtu mmoja ameushika mlango wa riziki ya mwingine, neno "hiari" hupungukiwa na maana. Isitoshe, watafiti wameihusisha desturi hii na kuenea kwa virusi vya UKIMWI kandokando ya Ziwa.

Akili hupima mara mbili

Mwaka 1984 wanasaikolojia wa Marekani, Richard Lazarus na Susan Folkman, walieleza kwamba mtu akutanapo na tishio hulipima mara mbili. Kwanza hujiuliza: "Je, jambo hili lanidhuru?" Kisha: "Nina uwezo gani wa kulikabili?" Jibu la swali la kwanza hutegemea pia malezi. Aliyezoea kusikia maneno machafu yakiitwa utani huenda asiyaite kosa, ingawa yamuumiza. Jibu la swali la pili hutegemea nguvu alizo nazo: nani atamsikiliza, na atapoteza nini?

Baada ya kupima, mtu huchagua njia. Zipo njia zinazolielekea tatizo lenyewe, kama kukataa waziwazi, kushitaki au kuhamia mwalo mwingine. Zipo pia zinazoyaelekea maumivu ya moyoni, kama kujisahaulisha, kucheka au hata kujilaumu. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba wanaoshitaki rasmi ni wachache. Walio wengi humkwepa mhusika, hunyamaza, au humweleza rafiki. Mchuuzi mwenye watoto wa kulisha, anyamazapo, aghalabu amefanya hesabu ya hasara. Hakutoa ridhaa.

Kuigeuza hesabu

Kama ukimya ni matokeo ya hesabu, basi dawa yake ni kuzibadili tarakimu. Mwaka 2011, katika mwalo wa Nduru karibu na Kisumu, wanawake waliungana kuipinga jaboya, wakapata mashua zao wenyewe na kuwaajiri wanaume wavue. Mwenye mashua hana haja ya kumbembeleza mtu ampe samaki. Lakini mafuriko ya mwaka 2020 yaliwahamisha na kuiharibu kazi yao. Hivyo mali peke yake haitoshi pasipo kinga nyingine.

Sheria ni mojawapo ya kinga hizo. Tanzania iliufanya udhalilishaji wa kingono kuwa kosa la jinai mwaka 1998, na mwaka 2007 sheria ya kupambana na rushwa ikaitaja rushwa ya ngono. Nchini Ufilipino, sheria ya mwaka 1995 iliwahusu wenye mamlaka juu ya mwathirika. Ile ya mwaka 2019 iliongeza hata wafanyakazi wenza. Mwaka huohuo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 190, unaowakumbuka pia wafanyao kazi zisizo rasmi, kama wachuuzi wa mialoni.

Walimu na wanafunzi nao wana wajibu. Mtu anapofichua aliyotendewa, swali "Mbona hukusema mapema?" humwongezea aibu na kumfunga kinywa. Yafaa kwanza kumsikiliza, kisha kuchunguza ni nini kilichofanya kusema kuwe na gharama kubwa kuliko kunyamaza, na kukiondoa.